Ma-DC Niliowahi Kuwatumikia

Wiki yangu ya kwanza kazini nilikula chakula cha mchana nimesimama. Karakana nzima ilikuwa na kiti kimoja chenye miguu yote minne, na kiti hicho kilikuwa kimeandikwa mgongoni kwa rangi nyeupe: DC. Mimi nilikuwa nimetoka kidato cha nne juzi tu, nina cheti na suruali moja ya heshima, na katika elimu yangu yote DC alikuwa mtu mmoja tu, Mkuu wa Wilaya, yule anayekuja shuleni na gari lenye bendera, mnasimama juani mkipiga makofi mpaka aondoke. Nikajiambia kiti cha Mheshimiwa kimeletwa kutengenezwa. Nani akikalie?

Mkokoteni nao ulikuwa umeandikwa DC. Ngazi, DC. Beleshi, DC. Nikaanza kumpenda yule kiongozi: mtu mkubwa hivyo na bado ana beleshi lake mwenyewe.

Ijumaa, Mzee Mwambene, fundi mkuu wetu pale Mbeya, aliweka kijiko chini akaniangalia.

"Kijana, una jipu?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona hukai? Wiki nzima unakula kama punda."

Nikamwonyesha yale maandishi. Alicheka mpaka maharage yakampalia. Alipopata pumzi hakunieleza kwanza. Aliwaita mafundi wote waje, akaniambia nirudie sababu yangu mbele yao. Nikarudia. Ndipo akanieleza kwamba vifaa vyote vya halmashauri ya wilaya, kwa Kiingereza District Council, hupigwa chapa ya herufi hizo mbili, visitembee vyenyewe kwenda majumbani kwa watu. "Kaa, mwanangu," akasema. "Huyo DC hana makalio."

Nilikaa. Jumatatu akanituma kabatini nimletee taa ya DC, nikamletea taa iliyopigwa chapa ya halmashauri. Kumbe alitaka taa ya umeme wa betri, kwa maana mafundi wa dunia nzima nao wana DC yao: umeme unaokwenda upande mmoja tu, kama bodaboda asiyetaka kurudisha abiria. Kwa hiyo ndani ya siku chache nilikuwa nimefahamiana na ma-DC watatu, na wote watatu walikuwa wamefanya watu wanicheke.

Haya nawaandikia ninyi mliobaki karakana. Siku ya kuniaga nilipostaafu mliniomba neno la hekima, nami nikasema, "Asanteni, chakula kinapoa." Nimeona haya tangu siku ile. Sitawaeleza vyeo, kwa sababu vyeo vyangu mnavijua na haviwezi kujaza hata mstari. Nitawaeleza niliyofundishwa, na namna nilivyoyasahau siku yalipohitajika.

Mzee Mwambene alikuwa mtu wa Rungwe, mfupi, mwenye suruali yenye matundu kama chujio. Yalitokana na maji ya betri. Fundi wa betri mnamtambua kwa suruali. Mke wangu, Mama Anna, alinioa nikiwa na suruali nzima mbili, na akaziona zote zikigeuka nyavu. Nasema alinioa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, mimi nilikuwa nyumbani nimekaa.

Mzee alinifundisha kupaka grisi kwenye vichwa vya betri visiote ule ukungu wa kijani. Alinifundisha kuvua saa na pete kabla ya kuingiza mkono kwenye nyaya, na kulegeza waya mweusi kwanza, mwekundu baadaye. Alinifundisha kunusa. Betri inayokufa ina harufu ya yai viza, alisema, na fundi anayesubiri mita imwambie amechelewa. Lakini somo lake kubwa lilikuwa moja, na alilisema kila tulipokwenda kufunga umeme wa jua kwenye zahanati:

"Umeme wa nguzo ni mto. Unateka leo, kesho upo. Umeme wa betri ni chungu cha kimpumu. Hesabu midomo kabla hujaweka mirija."

Kwa msiokunywa kimpumu, ile ni pombe ya ulezi ya kwao, chungu kinawekwa katikati na kila mtu anavuta kwa mrija wake. Mkiwa watatu mnaimba mpaka jioni. Mkiwa kumi, mnagombana mapema.

Na juu ya chungu kile alikuwa na sheria isiyo na mjadala: betri za jokofu la chanjo hazina mgeni. Hakuna kuchaji simu, hakuna kuwasha redio, hakuna balbu ya mlinzi. "Hata akija nani," alisema. Nilimwitikia mara nyingi sana, "Ndiyo, mzee." Kuitikia nilikuwa naweza.

Nililokuwa siwezi ni safari. Wenzangu waligombea kwenda Chunya, mimi niligombea kubaki. Chunya kuna vumbi linaloingia mpaka kwenye meno ya nyuma, na wachimba dhahabu wakisikia fundi umeme amefika wanakuletea kila kitu kilichowahi kunguruma. Nilikwenda na mto wangu wa kulalia na kandambili zangu, na nikirudi nilikuwa nashuka kwenye gari la halmashauri kama mtu aliyetoka vitani. Mama Anna alikuwa akisema, "Pole na Chunya," kwa sauti ile ile anayompa mtoto aliyejikwaa.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Iringa, kwetu, tukajenga nyumba mtaa wa Mlandege. Nikajiunga na kwaya ya usharika kwa sababu mazoezi yalikuwa karibu na nyumbani. Huko nikakutana na DC wa nne. Mwalimu wa kwaya aliandika noti ubaoni, do re mi fa, na mwisho wa mstari akaweka D.C. Nikanyoosha mkono, mtu mzima mimi, nikauliza kama wimbo ule unaimbwa Mheshimiwa akija tu. Kwaya yote ya sauti ya pili ililala kwenye mabenchi. Kumbe maana yake ni mrudi mwanzo mwimbe tena. Mjukuu wangu naye, alipoanza kusoma atlasi, akakuta Washington D.C., akaniuliza ina halmashauri ngapi. Nikaona ukoo umepata mrithi.

Sasa niwaeleze siku ambayo ma-DC hawa walikutana mahali pamoja, na mimi katikati.

Ilikuwa kwenye kijiji kimoja njia ya kwenda mbugani, kupita Idodi, nisikitaje jina maana watu wake walinilisha vizuri. Nilikwenda kufanya matengenezo ya kawaida ya jokofu la chanjo, lile la zamani linalotumia betri. Nikasafisha paneli, nikaongeza maji ya betri, nikapima. Mawingu yalikuwa yametanda kwa siku kadhaa, betri hazikujaa vizuri, lakini kwa jokofu peke yake zilitosha. Nesi wa pale, Sista Atupele, mwanamke mwembamba asiyecheka ovyo, aliniandalia chai. Alisema kesho kutwa ni siku ya kliniki, akina mama watatoka mpaka ng'ambo ya mto na watoto mgongoni, na surua ilikuwa imeshabisha hodi kijiji cha jirani. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, nayakumbuka.

Nilikuwa nafunga mkoba nirudi nyumbani mtendaji wa kijiji alipofika mbio, jasho linamtiririka.

"Fundi, Mungu amekuleta. Kesho DC anakuja."

"DC yupi?" nikauliza. Mnaona nilivyokuwa nimeshaumwa na nyoka.

"Mheshimiwa! Anakuja kuzungumza habari za tembo. Wanatumaliza mahindi. Wananchi wamekasirika, na jenereta la kijiji limegoma."

Tulikwenda kulitazama. Nililifungua, nikalifunga, nikalipiga teke la heshima. Likabaki vile vile. Mtendaji akaniomba kama mtu anayeomba damu: amplifaya yao inaweza kutumia betri ya gari, na betri ya gari hakuna, ila pale zahanati kuna betri nne kubwa zimekaa zinalinda friji. "Hotuba tu, fundi. Hotuba fupi. Mheshimiwa ana sauti ndogo, bila kipaza sauti hasikiki hata na mlinzi wake. Kwetu mgeni hapokelewi kimya kimya, utadhani msiba."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Neno hapana lina silabi tatu na nina cheti. Nilifikiri: hotuba fupi, mdomo mmoja, mrija mmoja. Tena nilifikiri nikikataa nitabaki kubishana mpaka jua lichwe, na nikikubali huenda nikawahi nyumbani baada ya hotuba na kulala kitandani kwangu. Basi nikavuta waya kutoka zahanati mpaka uwanjani, nikaufunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri.

Mafundi mlionielewa mmeshashika vichwa. Jokofu linapita kwenye kile kiboksi tunachokiita kontrola, ambacho betri zikichoka kinalikata ili zisife kabisa. Amplifaya yangu ilikiruka kiboksi. Maana yake chungu kikipungua anayenyang'anywa mrija ni jokofu, na mlevi anaendelea kunywa.

Sikuwa nimehesabu midomo. Asubuhi yake kijana wa muziki alifungulia spika alfajiri kuamsha watu. Kisha watoto wa shule wakafanya mazoezi ya ngonjera. Kisha kwaya. Ilikuwa kwaya nzuri, ina wimbo wenye beti nyingi, na kila wakifika mwisho mwalimu wao anainua mkono na wanarudi mwanzo. Mimi nilikuwa nimekaa kivulini naimba nao sauti ya pili. Zuri nililolifanya asubuhi ile ni hilo tu.

Mheshimiwa alifika, mama mrefu, mtulivu, na kweli sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani. Alipoanza hotuba nikahisi mtu ananivuta shati. Sista Atupele.

"Fundi, njoo uone."

"Nakuja, sista. Mheshimiwa amalize."

"Joto halimsubiri Mheshimiwa."

Nikamfuata. Kwenye kontrola taa nyekundu ilikuwa inawaka, na jokofu lilikuwa kimya. Kipimajoto kilikuwa kimeshapanda mpaka ukingoni mwa pale kinaporuhusiwa. Barafu haikuwapo hata punje, kwa sababu kumbe betri zilikuwa zimeanza kuchoka tangu spika za alfajiri.

"Chomoa spika," akasema.

"Sista, yule ni DC."

"Na hizi ni chanjo. Mama anatoka ng'ambo ya mto, nimwambie nini? Nimwambie mtoto wake amekosa sindano kwa sababu kwaya ilirudia?"

Nikatoka nje kutafuta namna ya kufanya jambo hilo bila kulifanya. Nilimpungia mkono mtendaji. Alikuja mbio, nikamnong'oneza, akashika kifua. "Fundi, ukichomoa kesho mimi sina kazi. Subiri amalize tembo. Yuko katikati ya tembo!" Nikarudi. Nikasimama mbele ya betri na bisibisi mkononi, nikaomba amplifaya izime yenyewe. Amplifaya nyingine huzima ukizipigia chafya. Hii ilikuwa imara kama imani ya bibi yangu.

Nilipogeuka nikamwona Sista Atupele amechukua mkasi wa kukatia bandeji, ameinama, anautanua kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja.

Jamani, mkasi wa chuma kwenye nyaya mbili za betri nne! Msije mkasema kwamba siku ile nilikuwa jasiri. Nilichokiogopa ni cheche. Nilimrukia Sista kama golikipa, nikamsukuma mkono, na kwa bisibisi yangu nikalegeza waya mweusi, nikaung'oa.

Uwanjani Mheshimiwa alikuwa anasema, "Serikali haitakubali," na palepale akawa amenyamaza. Midomo yake iliendelea kucheza. Watu wote waligeuza shingo kufuata waya, kutoka kwenye spika, kupita chini ya miembe ya shule, mpaka mlangoni mwa zahanati, ambako nilikuwa nimesimama na bisibisi.

"Umeme umekatika?" Mheshimiwa akauliza. Watu wakacheka, kijiji chenyewe kilikuwa hakina nguzo hata moja.

"Nimekata mimi, Mheshimiwa," nikasema.

"Kwa nini?"

Kichwa changu kilikuwa tupu kama debe. Nikasema, "Mheshimiwa, ni betri za DC. DC amezimaliza. Yaani si wewe, ni DC ile nyingine. Kwaya nayo ilirudi D.C."

Mtendaji alikaa chini kwenye majani.

Sista Atupele akapita mbele yangu, akaenda mpaka kwenye meza ya mgeni, akasema neno moja tu ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Mheshimiwa, chanjo za watoto zinaharibika. Misheni kuna jokofu. Naomba gari."

Mheshimiwa alimwangalia dereva wake. "Mpeleke."

Sista akapanga vichupa ndani ya kasha la chanjo, akalifunika kwa kanga mbili zilizoloweshwa maji, akaingia gari lenye bendera akalipakata kasha kama mtoto mchanga. Gari likaondoka na vumbi lake. Kwa hiyo Mheshimiwa alibaki kijijini bila gari na bila kipaza sauti, na mimi nikabaki bila pa kujificha.

"Haya," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Tulikuwa kwenye tembo."

Hakuna aliyesikia. Waliokuwa nyuma wakasogea. Wa mbele wakakaa chini. Mwisho alikuwa amezungukwa kama mwalimu wa chekechea, na kwa kuwa walikuwa karibu, watu walianza kumjibu. Bibi mmoja mwenye kilemba alisema, "Mama, tembo anakuja jioni, wewe unakuja mchana. Mtakutana lini?" Vicheko vikapasuka, lakini Mheshimiwa hakucheka. Akauliza wanaingilia upande gani. Wakamwonyesha. Akauliza askari wa wanyama wanafika baada ya muda gani. Wakamwambia baada ya mahindi kwisha. Yalizungumzwa mengi, mengine makali, na mtendaji aliendelea kukaa kwenye majani yake.

Gari lilirudi jua likielekea kuzama. Kila kichupa cha chanjo kina alama ndogo inayobadilika rangi kikipata joto, na Sista alikuwa amekagua kimoja kimoja. Vichache alivitupa. Vilivyobaki vilikuwa salama. Mheshimiwa alipopanda gari alinipita, akasimama.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Unafanya kazi kwa nani?"

Nilitaka kusema kwa DC. Neema ya Mungu ikanifunga mdomo.

Nilibaki kijijini mpaka jua lilipotoka na betri zikajaa. Sikutumwa na mtu, nilishindwa tu kuondoka, na Mama Anna alipopigiwa simu alisema, "Kweli wewe? Umelala nje kwa hiari?" Siku ya kliniki tulileta chanjo kutoka misheni kwa pikipiki, mimi nyuma nimekumbatia kasha, macho nimefumba kwenye kila korongo. Akina mama walikuwa wamepanga mstari mpaka barabarani. Mtoto wa kwanza alipochomwa sindano alilia kwa sauti isiyohitaji amplifaya. Kabla sijaondoka niliandika juu ya kisanduku cha betri kwa rangi nyekundu, maneno kamili, hakuna ufupisho: HIZI NI ZA CHANJO. USICHOMEKE KITU. Sista Atupele alisoma, akachukua brashi mkononi mwangu, akaongeza chini yake: HATA FUNDI.

Basi hesabuni midomo. Na mkiandika chochote kitakachosomwa na mwingine, andikeni neno zima. Wino ni rahisi.

Nimestaafu, nashinda nyumbani, nina furaha kama kuku wa mayai. Juzi nilimsimulia kisa hiki jirani yangu, Mama Kihwele, yeye upande wake wa ua akichagua maharage, mimi upande wangu nikichezesha mikono kuonyesha nilivyoruka mbele ya ule mkasi. Nilikisimulia vizuri. Kwenye chanjo zilizosalimika nilishusha sauti kidogo. Nilipomaliza nikasubiri. Alitupa jiwe alilolitoa kwenye maharage, akaniangalia, akasema:

"Baba Anna, kwa hiyo uliyechomeka ni wewe, na uliyechomoa ni wewe, halafu unataka tukupigie makofi kwa kuchomoa?"